Kutoka Mashimo Meusi Hadi Chupa ya Chanjo

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha habari za mtu ambaye wengi wenu huenda hamjapata kulisikia jina lake. Anaitwa Nathan Myhrvold. Ni Mmarekani aliyesomea fizikia ya nadharia hadi ngazi ya juu kabisa, akaiacha, akawa mfanyabiashara wa teknolojia na tajiri mkubwa. Hatumleti hapa kwa sababu ya utajiri wake. Tunamleta kwa sababu katika maabara aliyoianzisha ilitengenezwa chupa ya kuhifadhia chanjo mahali pasipo na umeme, na chupa hiyo ilitumika kubebea chanjo ya Ebola huko Guinea, Sierra Leone na Kongo. Ipo sababu nyingine pia. Kamati zetu huletewa mara kwa mara vifaa vipya vyenye sifa nyingi, na wafadhili huuliza kila mwaka ni vifaa gani vinafaa kulipiwa. Kujua kifaa kilikotoka, nani alikibuni, na kwa faida ya nani, husaidia sana wakati wa kuamua.

Myhrvold alizaliwa mwaka 1959 mjini Seattle, akakulia katika jimbo la California. Alianza masomo ya chuo akiwa na umri wa miaka 14, wakati wenzake wangali madarasa ya katikati. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alisoma hisabati, kisha fizikia ya dunia na anga. Akaenda Chuo Kikuu cha Princeton, na mwaka 1983, akiwa na miaka 23, akapata shahada ya uzamivu katika fizikia ya nadharia. Baada ya hapo alivuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, kufanya utafiti chini ya Stephen Hawking, yule mwanasayansi mashuhuri aliyekuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu.

Mwanafizikia wa nadharia anafanya nini?

Swali hili ni la haki, maana kazi yenyewe haionekani. Mwanafizikia wa nadharia hana mashine wala dawa. Vyombo vyake ni kalamu, karatasi na subira. Anachukua kanuni zinazojulikana, anauliza, "Kama hizi ni kweli, basi ni kitu gani kingine lazima kiwe kweli?" na anafuatilia jibu kwa hesabu mpaka lifike mwisho.

Mfano mzuri ni ule wa Hawking mwenyewe. Shimo jeusi ni mabaki ya nyota kubwa iliyoporomoka ikajikusanya mahali padogo mno, kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Watu waliamini kwamba kitu kama hicho hakiwezi kutoa chochote. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba shimo jeusi lina joto, na kwamba linatoa joto hilo polepole. Kadiri lilivyo dogo ndivyo lilivyo na joto zaidi. Shimo lenye uzito kama wa jua letu lina joto dogo kupindukia, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo. Hakuna chombo kilichokwisha kulipima joto hilo angani. Linajulikana kwa hesabu tu.

Myhrvold alikuwa akifanya kazi katika fani hiyo hiyo, yaani kuunganisha nadharia ya chembe ndogo na nadharia ya nguvu ya uvutano. Mjumbe wa kamati ya zahanati anaweza kuuliza elimu ya namna hiyo inamletea nini mama aliyebeba mtoto kilomita kumi na mbili kwenda kupata sindano. Kwa hesabu za mashimo meusi zenyewe, jibu ni kwamba haimletei kitu. Lakini mtu aliyezoea kufuatilia joto, kujua linapita wapi, kwa kasi gani, na nini kinalizuia, hausahau ujuzi huo anapobadilisha kazi. Tutaliona jambo hili mbele kidogo.

Likizo ya miezi mitatu

Akiwa Cambridge, Myhrvold aliomba likizo ya miezi michache kwenda kuwasaidia rafiki zake huko California waliokuwa wakiandika programu ya kompyuta. Hakurudi tena. Kompyuta za miaka ile zilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kuandika barua ulifunga kwanza hesabu zako. Kikundi chao kilianzisha kampuni ndogo iitwayo Dynamical Systems Research, kikatengeneza programu ya kuwezesha kazi kadhaa kufunguliwa pamoja kwenye kioo. Mwaka 1986 kampuni ya Microsoft iliinunua kampuni yao, na Myhrvold akahamia huko pamoja na wenzake. Mwaka 1991 alianzisha idara ya utafiti ya Microsoft, na baadaye akawa mkuu wa teknolojia wa kampuni nzima. Alipoondoka, mwishoni mwa miaka ya tisini, hisa zake zilikuwa zimempatia mamia ya mamilioni ya dola.

Si yeye peke yake aliyepita njia hiyo. Stephen Wolfram, Mwingereza, alipata shahada ya uzamivu ya fizikia ya nadharia mwaka 1979 akiwa na miaka 20, na mwaka 1988 akatoa programu ya hesabu iitwayo Mathematica, ambayo wanafunzi na wahandisi wa nchi nyingi wameitumia. Wapo wengine. Tofauti ni kwamba Wolfram aliwatengenezea chombo wanasayansi wenzake, na Myhrvold akageukia kila upande: kompyuta, visukuku vya dainosaria, nishati ya nyuklia, hata mapishi. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha upishi chenye majuzuu sita na kurasa zaidi ya 2,400. Tunakiri kwamba hatuoni ni jiko gani la parokia litakalokihitaji.

Biashara ya hataza

Hapa tunapaswa kusema wazi jambo ambalo mara nyingi halisemwi katika maandiko ya kusifu wavumbuzi. Mwaka 2000 Myhrvold na wenzake walianzisha kampuni iitwayo Intellectual Ventures. Kazi yake kubwa ilikuwa kununua hataza. Kwa wasioifahamu, hataza ni cheti cha serikali kinachompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20. Anayetaka kuutumia hulipa ada.

Kampuni hiyo ilikusanya mabilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji na kununua makumi ya maelfu ya hataza. Haikuwa ikitengeneza bidhaa kwa hizo zilizo nyingi. Ilikuwa ikiyaendea makampuni na kuyadai ada, na kuanzia Desemba 2010 ikaanza kuyafikisha mahakamani yaliyokataa. Wakosoaji huko Marekani walifananisha biashara hiyo na jitu la hadithini linalokaa chini ya daraja na kumtoza kila anayepita, ilhali daraja halikujengwa nalo. Myhrvold alijitetea. Katika makala aliyoiandika mwaka 2010 kwenye jarida la Harvard Business Review alidai kwamba wavumbuzi ni watu wanaonyonywa, kwamba hawana mahali pa kupata mtaji, na kwamba soko la hataza lingewapatia kipato cha haki.

Maoni yetu? Hoja yake ina ukweli ndani yake. Fundi asiye na uwezo wa kwenda mahakamani huibiwa kazi yake kirahisi, na mafundi wetu wa mitaani wanalijua hilo kuliko profesa yeyote. Lakini anayenunua hataza elfu kwa pamoja na kuzitumia kama mtego hamsaidii fundi huyo kwa kiasi anachodai. Tunalitaja jambo hili kwa sababu fedha na wataalamu waliotengeneza ile chupa ya chanjo walikusanyika chini ya paa la kampuni hii hii. Msaada mwema unaweza kutoka kwenye nyumba yenye mambo yanayobishaniwa, na mpokeaji ana haki ya kuyajua yote mawili.

Tatizo la zahanati

Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye bomba la sindano. Safari hiyo ndefu ya majokofu, makasha na vibebeo wahudumu wetu huiita mnyororo baridi, na kama ilivyo kwa mnyororo wowote, pete moja ikikatika basi. Chanjo ya surua ikipata joto hupoteza nguvu. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini na ile yenye kinga tano katika sindano moja zina adui wa pili ambaye watu wengi humsahau: zikiganda kwa baridi zinaharibika. Kwa hiyo kasha lenye barafu kali kupita kiasi linaweza kuharibu chanjo sawa na jua la saa saba mchana.

Tangu mwaka 1996 chupa za chanjo zimekuwa zikiwekwa alama ndogo ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba huanza ukiwa mweupe na kugeuka rangi taratibu kwa joto, na ukifikia rangi ya duara chanjo hiyo haifai tena. Wajumbe wanaotembelea zahanati wanaweza kumwomba muuguzi awaonyeshe. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuganda.

Njia za kawaida zina udhaifu unaojulikana. Jokofu la mafuta ya taa au la gesi linahitaji mafuta yafike, utambi usafishwe na mtu awepo. Kibebeo cha begani huhifadhi ubaridi kwa siku moja au mbili, na kasha kubwa kwa siku chache. Vituo vilivyo mbali vikawa vikipewa chanjo siku za kliniki tu, na mama aliyekosa siku hiyo aliambiwa arudi mwezi ujao. Wapo wasiorudi.

Chupa ya chai iliyokuzwa

Mwaka 2010 Myhrvold na Bill Gates, waliofahamiana tangu Microsoft, walianzisha mpango walioupa jina Global Good, wa kubuni vifaa kwa ajili ya nchi maskini kwa fedha za Gates. Moja ya kazi za mwanzo ilikuwa swali la kifizikia kabisa: je, barafu inaweza kukaa mwezi mzima katika nchi ya joto bila umeme, bila mafuta, bila betri?

Tufanye hesabu pamoja, maana ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Tuchukulie tuna kilo 8. Hizo zitanyonya jumla ya kilojuli 2,670 hivi kabla hazijaisha. Siku 35 zina sekunde zipatazo milioni tatu. Ukigawanya, unakuta kwamba barafu yetu itadumu siku zote 35 iwapo tu joto linaloingia ndani ya chombo halizidi wati moja, tena pungufu kidogo. Mtu mmoja aliyeketi kwenye benchi kanisani hutoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo chombo kizima, mchana na usiku, kiangazi na masika, kinaruhusiwa kuvuja sehemu moja ya mia ya joto la muumini mmoja!

Je, yawezekana? Kila nyumba yenye chupa ya chai ina nusu ya jibu. Joto husafiri kwa njia tatu: kwa kugusana, kwa hewa au maji yanayozunguka, na kwa mnururisho, kama lile tunaloliona usoni tukisimama mbele ya moto. Chupa ya chai ina kuta mbili, na hewa iliyo kati yake imenyonywa ikatolewa. Pasipo na hewa, njia ya kwanza na ya pili hufungwa. Kuta zenyewe hung'arishwa kama kioo ili kurudisha ile ya tatu. Chupa haijui kama ndani mna chai ya moto au barafu. Inazuia joto kupita, basi, liwe linatoka au linaingia.

Chupa ya namna hii ilibuniwa mwaka 1892 na James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti aliyekuwa akichunguza gesi zilizopozwa hadi kuwa maji. Dewar hakuichukulia hataza. Mwaka 1904 Wajerumani wakaanzisha kampuni ya kuitengeneza kwa biashara, wakaipa jina la Thermos, na yeye hakupata kitu. Hatujui kama Myhrvold huitumia habari hii katika hoja zake kuhusu haki za wavumbuzi, lakini ingemfaa.

Wahandisi wa Global Good waliikuza chupa hiyo na kuongeza tabaka nyingi nyembamba zinazong'aa, kama zile zinazofunikwa kwenye setilaiti. Baada ya hapo ulibaki udhaifu mmoja mkubwa, nao ni shingo. Mdomo hauwezi kuwa ombwe, kwa sababu lazima mkono upite. Joto likikataliwa kwenye kuta huteremka kupitia shingo. Kwa hiyo walitumia maumbo na vifaa visivyopitisha joto kirahisi mahali hapo, na kwa kuwa mdomo uko juu, hewa ya baridi, iliyo nzito, haimwagiki kila kifuniko kinapofunguliwa. Ndani waliweka nafasi ya chanjo ya lita 5 hivi, ikizungukwa na barafu, pamoja na kipimajoto chenye kumbukumbu ili msimamizi aweze kujua kama siku yoyote mambo yaliharibika.

Chombo hicho kilipewa jina Arktek, na kampuni ya Aucma ya China ndiyo iliyokitengeneza. Kinahifadhi chanjo kwa mwezi na zaidi kwa barafu ya kujaza mara moja tu.

Ebola

Arktek ilibuniwa kwa chanjo za kawaida za watoto, lakini ilipata umaarufu kwa kazi nyingine. Mwaka 2015, wakati Ebola ilipokuwa ikiendelea Afrika Magharibi, chanjo ya majaribio ilikuwa tayari lakini ilitakiwa kukaa katika baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Hakuna jokofu la zahanati linalofika huko. Wahandisi waliondoa barafu ya maji na kuweka kimiminika kingine kinachoganda kwenye baridi kali zaidi, chupa ikabaki ile ile. Ikaweza kushikilia baridi hiyo kwa siku kama 5, muda wa kutosha kutoka mjini mpaka kijijini na kurudi. Zilitumika Guinea na Sierra Leone. Huko Guinea watu waliokuwa karibu na mgonjwa, na majirani wa hao, walichanjwa kama duara kumzunguka. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2016 yalionyesha kwamba kati ya watu 5,837 waliochanjwa hakuna aliyepata Ebola kuanzia siku ya kumi baada ya sindano.

Mwaka 2018 ugonjwa ulipolipuka katika jimbo la Équateur, Kongo, chupa hizo zilikuwa miongoni mwa vifaa vya mwanzo kupelekwa. Uchanjaji ulianza tarehe 21 Mei, na tarehe 24 Julai mlipuko ukatangazwa umekwisha. Wiki moja baadaye ukatangazwa mwingine, safari hii Kivu ya Kaskazini, kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo, mahali penye vita na hofu. Huo uliendelea mpaka Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Chupa peke yake haikuwachanja. Waliowachanja ni wauguzi wa Kongo, baadhi yao wakishambuliwa kwa mawe na risasi, na waliowashawishi watu kukubali chanjo ni pamoja na viongozi wa dini wa pale pale. Lakini chanjo ambayo imekwisha kupoa nguvu njiani isingekuwa na maana yoyote kwa ujasiri wao.

Maziwa ya Kenya, na mbu

Si kila kilichotoka kwenye maabara ile kilikuwa na hesabu nzito. Wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki wengi hubeba maziwa katika madumu yaliyokuwa na mafuta ya kupikia. Dumu lina shingo nyembamba, mkono hauingii, masalia hubaki pembeni na maziwa ya kesho yanachacha kabla hayajafika kwenye kituo cha kukusanyia. Ndoo nzuri ya alumini haina tatizo hilo lakini ni ghali. Global Good ilibuni chombo cha plastiki cha lita 10 kiitwacho Mazzi, chenye mdomo mpana wa kuingiza mkono wote, kifuniko kisichovuja, na kikatengenezwa Kenya. Juu yake hukaa faneli nyeusi ya kukamulia. Weusi wake si urembo. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kiwele maziwa huwa na mabonge madogo, na mabonge meupe huonekana upesi juu ya rangi nyeusi. Mkamuaji anaugundua ugonjwa mapema, bila kipimo na bila kumlipa mtu. Kila nchi ina kanuni zake kuhusu vyombo vya kubebea maziwa, kwa hiyo kikundi chochote kinachofikiria chombo cha plastiki kiulize kwanza ofisi ya mifugo.

Kwa upande wa pili kuna kifaa kilichopigiwa makofi mengi kuliko vyote. Mwezi Februari 2010 Myhrvold alionyesha mbele ya hadhira huko California uzio wa mwanga: kamera inamtambua mbu angani, inapima mapigo ya mbawa zake kujua kama ni jike, maana jike ndiye anayeuma, kisha mwale wa leza unamchoma. Wazo la awali lilikuwa la mwanafizikia mwingine, Lowell Wood, aliyewahi kushughulikia mipango ya Marekani ya kutungua makombora. Ni kazi ya ajabu. Hata hivyo hatujasikia kijiji chochote kilichookolewa na malaria kwa uzio huo, na majaribio yake ya baadaye yalielekezwa kwa wadudu wa michungwa huko Florida. Kwa kulinganisha, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 visa milioni 663 vya malaria vilizuiwa barani Afrika, na asilimia 68 ya hivyo vilizuiwa na vyandarua vyenye dawa. Chandarua hakipigiwi makofi popote.

Baada ya mfadhili kuondoka

Mwaka 2020 mpango wa Global Good ulifungwa. Baadhi ya kazi zake zilihamishiwa kwenye taasisi nyingine zinazofadhiliwa na Gates. Mahali pengi tungeandika hapa kwamba mradi ulikufa, kwa kuwa hiyo ndiyo kawaida tuliyoizoea: mfadhili akiondoka, funguo za ofisi zinarudishwa na gari linasimama. Lakini chombo ambacho kiwanda kimekwisha kukijua hakihitaji ofisi ya mradi ili kiendelee kutengenezwa. Kinahitaji mnunuzi. Hapo ndipo elimu ya biashara ya mtu kama Myhrvold ilipokuwa na faida kuliko elimu yake ya fizikia, kwa maana tangu mwanzo walitafuta viwanda, wa chupa huko China na wa vyombo vya maziwa huko Kenya, badala ya kutengeneza vichache na kuvigawa bure.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo ambao kamati zinapaswa kuujua. Chupa ya mwezi mmoja inahitaji barafu mpya kila mwezi, na barafu hiyo lazima igandishwe mahali penye umeme wa uhakika, ipakiwe kwenye gari au pikipiki, na ifike. Kituo ambacho barabara yake hukatika Machi mpaka Mei kitakuwa na chupa nzuri isiyo na barafu. Wakati huo huo, majokofu yanayoendeshwa moja kwa moja na jua, yasiyo na betri, yameenea sana katika vituo vya afya tangu miaka ya 2010, na tangu mwaka 2016 shirika la chanjo la Gavi limekuwa na mpango maalumu wa kuzisaidia nchi kununua vifaa vya mnyororo baridi. Jokofu la jua haliombi barafu kwa mtu, lakini lina mashine inayoweza kuharibika na linahitaji fundi. Chupa haina cha kuharibika isipokuwa ikidondoshwa ombwe lake likaingiwa na hewa.

Kwa hiyo, kamati yoyote inayotaka kuandika ombi la kifaa cha kuhifadhia chanjo, ianze kwa kukaa na muuguzi na mratibu wa chanjo wa wilaya, kwa kuwa chanjo na vifaa vyake hupitia kwao na si kwetu. Waulize barafu ya karibu iko wapi na ni saa ngapi za safari. Waulize barabara hupitika miezi mingapi. Waulize ni watoto wangapi huzaliwa kwa mwaka katika eneo la kituo, ili ijulikane kama lita 5 zinatosha au zinazidi. Majibu hayo yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi, kabla ya jina la kifaa, na wafadhili wetu tunawaomba wayasome kwanza hayo kabla ya kuangalia picha.